Somo: Vitambaa Viwili Vilivyoshonwa Pamoja



Siku moja mama moja alikuja ku kliniki. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa miezi mitatu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilifika, akazaa binti mzima. Ya nne ikatoka tena. Wakwe wakasema, "Mwanamke huyu anakula watoto ndani ya tumbo." Bwana yake akaanza kuogopa chakula alichopika. Mama akatuuliza kwa sauti ndogo, "Je, ni mimi?"

Somo la leo linajibu swali lake.

1. Kromozomu ni kitu gani?

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana, macho hayawezi kuziona. Ndani ya kila chembe muko vipande kama nyuzi, vinaitwa kromozomu. Humo ndimo maagizo ya kujenga mtoto yameandikwa: ngozi, moyo, damu, akili.

Mtu iko na kromozomu 46. Hesabu hii ilijulikana vizuri tu mwaka wa 1956, kwa kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan kule Sweden. Mama anatoa 23 ndani ya yai lake, baba anatoa 23 ndani ya mbegu yake. Mtoto anapata 46. Hakuna mzazi moja anayejenga mtoto peke yake.

2. Nyama wanatufundisha

Tuangalie mbuzi na kondoo wetu. Mbuzi iko na kromozomu 60, kondoo 54. Je, kondoo amepoteza maagizo? Hapana. Fikirini vitambaa viwili. Ukivishona pamoja, unahesabu kitambaa kimoja, lakini nguo haikupunguka. Njo vile ilivyokuwa zamani sana kwa babu za kondoo: jozi sita za kromozomu zilishonwa, zikawa jozi tatu. Hesabu ilishuka, maagizo yakabaki.

Nyama wote wanaonyonyesha watoto wao wamepita katika mabadiliko kama hayo. Pengine kromozomu mbili zinaungana, pengine moja inakatika, pengine kipande kinageuka juu chini. Kule Asia kuko swala mdogo anayeitwa muntjac. Yule wa China iko na 46. Ndugu yake wa India, jike iko na 6 tu na dume 7, kwani nyingi zilishonwa moja kwa ingine.

Hata okapi, nyama wa pori yetu ya Ituri, ni mfano. Okapi wamoja wako na 46, wengine 45, wengine 44. Yule wa 45 iko na mshono moja aliopewa na mzazi moja tu. Naye ni okapi, anakula majani yake sawa na wenzake.

3. Mshono uko ndani yetu sisi wote

Sokwe, gorila na bonobo wako na kromozomu 48, mtu 46. Wataalamu waliuliza: zile mbili ziko wapi? Walipochunguza kromozomu yetu ya pili, waliona jambo la ajabu. Mama anayeshona anajua kwamba upindo unakaa pembeni ya kitambaa. Ukikuta upindo katikati, unasema mara moja: hapa palikuwa vitambaa viwili. Kromozomu pia ziko na alama zake za mwisho, sawa na upindo. Na katikati ya kromozomu yetu ya pili alama hizo zinaonekana, zimeelekeana. Mwaka wa 1991 mahali penyewe pa mshono palijulikana.

Kwa hiyo mshono si laana. Kila mtu, chifu na mkulima, anautembeza mshono huo ndani ya mwili wake.

4. Basi shida inatoka wapi?

Mshono wa zamani hauleti shida, juu ya mama na baba wote wawili wanao. Shida inakuja wakati mzazi moja iko na mshono mpya, na mwenzake hana. Karibu mtu 1 katika watu 1000 iko hivyo. Anahesabu 45, lakini ni mzima, hana dalili yoyote. Maagizo yake yote yapo.

Lakini wakati wa kugawanya kwa mtoto, kugawa kunaweza kukosea. Tuseme kromozomu ya 14 na ya 21 zimeshonwa. Mzazi anaweza kutoa:

– zile zisizoshonwa: mtoto ni mzima;
– ile iliyoshonwa peke yake: mtoto ni mzima, naye anachukua mshono;
– iliyoshonwa pamoja na 21 ingine: mtoto anapata maagizo ya 21 mara tatu, njo ugonjwa wa Down;
– maagizo yaliyopunguka au kuzidi zaidi: mara nyingi mimba inatoka.

Lakini tusichanganye. Watoto wengi wenye Down hawakupata kwa mshono. Wako na 47, kwani kromozomu ya 21 imezidi nzima. Jambo hili lilionyeshwa kule Paris mwaka wa 1959. Linaweza kupata mama yeyote, na linaongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda.

5. Tufanye nini?

Kama mimba zimetoka mara mbili au zaidi, kuja ku kliniki pamoja na bwana yako. Tunapima kwanza mambo yenye dawa: malaria, kaswende, sukari ndani ya damu, na hali ya tumbo la uzazi. Kama hatuoni kitu, muganga anaweza kuomba kipimo cha kromozomu. Kinafanywa katika ospitali kubwa chache tu, na damu inatoka kwa wote wawili. Hakuna dawa ya kufungua mshono. Lakini wazazi wengi wenye mshono wanazaa watoto wazima.

Kama mtoto wako iko na Down, usimfiche nyumbani. Mnyonyeshe kwa uvumilivu, ananyonya polepole. Mlete kwa chanjo. Moyo wake upimwe mapema, kwani karibu nusu yao wanazaliwa na shida ya moyo. Akifundishwa anajifunza.

Yule mama tuliyemtaja? Walipimwa wote wawili. Mshono ulikuwa kwa bwana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Basi ni mimi niliyekosa?" Tulimjibu sawa tulivyomjibu bibi yake: hapana. Mtu hachagui kromozomu zake. Jioni ile alikula chakula cha bibi yake.

Tukumbuke

– Mimba inayotoka si kazi ya uchawi wala kosa la mama.
– Kuwa na 45 si ugonjwa.
– Kipimo ni cha watu wawili, si cha mwanamke peke yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Juu ya nini kondoo hakupoteza maagizo yake?
2. Mzazi mwenye mshono anaweza kuzaa mtoto mzima namna gani?
3. Utamwambia nini jirani anayesingiziwa kula watoto wake?