Edge Isiyokubali Kuondoka

Swali: Windows imejisasisha bila ridhaa yangu na Edge, kivinjari cha Microsoft, imerudi. Mbona kitufe cha kuiondoa hakibonyezeki?

Jibu: Huo ni uamuzi wa kibiashara, si ulazima wa kiufundi. Ushahidi uko Ulaya: sheria ya masoko ya kidijitali ilipoanza kuyabana makampuni makubwa Machi 2024, Windows hiyohiyo iliwaruhusu watumiaji wa huko kuiondoa Edge, na kompyuta zao zinafanya kazi. Watetezi wa uamuzi huo husema programu nyingine huitegemea Edge. Lakini zinachotegemea hasa ni WebView2, sehemu inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu, ambayo hubaki hata Edge ikiondoka. Kunyimwa chaguo hilo kwenye kompyuta uliyoinunua si haki. Kwa sasa, weka kivinjari chako kiwe chaguo-msingi, kisha izuie Edge isijifungue kompyuta inapowaka. Usiing'oe kwa nguvu. Sasisho lijalo laweza kuirudisha.