Jiko la Makaa Ghorofani: Sumu Isiyo na Harufu
Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata moshi ukiisha, gesi hiyo huendelea kutoka. Katika jengo la ghorofa haibaki chumba kimoja: hewa yenye joto hupanda nayo kupitia ngazi, nafasi zilizo chini ya milango na matundu ya mabomba. Kwa hiyo jiko lililoachwa kwenye korido linaweza kumdhuru jirani aliyelala ghorofa ya juu.

Wakazi wanashauriwa kupikia mahali pa wazi na kutolala na jiko ndani. Watu kadhaa wakiumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja na kwenda hospitalini.