Sura ya 9: Seva Imejibu Nini? Kusoma Misimbo ya Hali ya HTTP

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, matokeo yalipotangazwa nilikwenda intaneti kafe nikiwa na anwani ya tovuti kwenye kikaratasi. Mhudumu aliiandika, akasubiri, kisha akanigeuzia skrini. Ukurasa ulikuwa mweupe na katikati kulikuwa na namba 404. "Yako hayapo," akasema. Nililipa, nikarudi nyumbani, na kwa siku mbili niliamini kwamba matokeo yangu yamezuiliwa. Mama yangu hakula vizuri siku zile. Siku ya tatu mwenzangu tuliyesoma naye alifungua tovuti ileile akaniletea alama zangu, na nilikuwa nimefaulu. Kosa lilikuwa kwenye kikaratasi: nilikosea herufi moja ya anwani.

Ile 404 haikusema lolote kuhusu mtihani wangu. Ilisema kwamba seva imelipokea ombi, imelisoma, na haina kitu kwenye anwani ile. Mhudumu hakujua kuisoma, nami sikujua. Katika sura hii utajifunza kuisoma, pamoja na namba nyingine ambazo watunga mitihani hupenda kuziuliza.

Ombi na jibu

Katika sura iliyopita uliona kwamba kivinjari na seva huwasiliana kwa itifaki iitwayo HTTP. Kivinjari hutuma ombi, seva hurudisha jibu. Tuseme unataka kuona matokeo ya mtihani wa majaribio kwenye tovuti ya shule. Kivinjari hutuma maneno haya:

GET /matokeo/majaribio.html HTTP/1.1
Host: www.shule.example

Neno GET lina maana ya "nipatie". Linafuatiwa na njia ya ukurasa ndani ya seva, halafu toleo la itifaki. Mstari wa pili unataja tovuti inayotafutwa, kwa sababu seva moja inaweza kubeba tovuti nyingi. Ukurasa ukiwepo, jibu la seva huanza hivi:

HTTP/1.1 200 OK
Content-Type: text/html
Content-Length: 5120

Baada ya hapo huja mstari mtupu, kisha ukurasa wenyewe. Mstari wa kwanza wa jibu huitwa mstari wa hali, na hiyo 200 ndiyo msimbo wa hali: namba ya tarakimu tatu inayoeleza ombi limeishia wapi. Maneno yanayofuata namba ni ya kumsaidia binadamu tu, programu haiyategemei. Katika HTTP/2, iliyotoka mwaka 2015, maneno hayo yaliondolewa na namba ikabaki peke yake.

Kwa nini namba? Toleo la mwanzo kabisa la HTTP, ambalo Tim Berners-Lee alilibuni akiwa CERN kule Uswisi na ambalo leo huitwa 0.9, halikuwa na misimbo. Seva ilituma ukurasa na kukata mawasiliano. Kukiwa na kosa, ilituma ukurasa wenye maelezo ya kosa. Mtu aliyeusoma alielewa, lakini kivinjari hakikuwa na namna ya kutofautisha ukurasa mzuri na ukurasa wa kosa. Itifaki za zamani zaidi, kama FTP ya kuhamisha mafaili, tayari zilikuwa zikijibu kwa namba za tarakimu tatu, na HTTP nayo ikaingia kwenye mtindo huo. Toleo la 1.0 lilipochapishwa mwaka 1996, misimbo ilikuwa humo.

(Utasikia watu wakisimulia kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba kimoja pale CERN. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee, aliikanusha hadithi hiyo. Usiiandike kwenye mtihani.)

Tarakimu ya kwanza

Tarakimu ya kwanza inataja familia ya jibu. Ikiwa 1, seva inasema "nimekusikia, tuendelee". Ikiwa 2, ombi limefanikiwa. Ikiwa 3, kuna hatua nyingine ya kuchukua kabla ya kupata unachotaka. Ikiwa 4, seva inaona tatizo liko kwenye ombi lako. Ikiwa 5, seva inakiri kwamba imeshindwa yenyewe ingawa ombi lilikuwa sawa.

Kanuni za HTTP zinaeleza kwamba programu ikikutana na msimbo isioujua, iuchukulie kama ule wa 00 katika familia yake. Ikipokea 477, ambayo haijawahi kuiona, itaichukulia kama 400. Nawe fanya hivyohivyo kwenye chumba cha mtihani. Ukipewa namba ngeni, tazama tarakimu ya kwanza na utapata angalau nusu ya alama.

Familia ya 1 hutaiona kwenye skrini, kwa hiyo tusikae hapo. Katika familia ya 2, jua namba tatu. 200 ni mafanikio ya kawaida. 201 inasema kitu kipya kimeundwa, kwa mfano umejisajili na akaunti yako imetengenezwa. 204 inasema kazi imefanyika lakini hakuna cha kukuonesha.

Familia ya 3: nenda kule

Duka ulilolizoea likihama, mwenye duka mwungwana huacha kibao mlangoni: "Tumehamia mtaa wa pili." Msimbo 301 ndicho kibao hicho. Ukurasa umehama moja kwa moja, na anwani mpya imeandikwa kwenye mstari wa jibu uitwao Location. Kivinjari huenda huko bila kukuuliza. Msimbo 302 ni kibao cha muda: leo nenda kule, lakini kesho uje hapahapa.

Wanafunzi huona tofauti hii ni ndogo. Si ndogo. Kivinjari kinaruhusiwa kuikumbuka 301 na safari ijayo kwenda anwani mpya moja kwa moja, bila kuuliza ile ya zamani. Mtu aliyeweka 301 kwa makosa anaweza kurekebisha seva yake leo, na bado wageni wake wakaendelea kupelekwa kusikofaa kwa sababu vivinjari vyao vimeshika habari ya zamani.

Msimbo 304 unahusu bando lako. Ulipofungua ukurasa jana, kivinjari kilihifadhi nakala. Leo kinauliza: "Je, umebadilika tangu jana?" Seva ikijibu 304, maana yake haujabadilika, tumia nakala yako. Ukurasa hautumwi tena, na data zako zinabaki.

Familia ya 4: angalia ombi lako

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo tutembee polepole.

400 inasema ombi lenyewe limeandikwa vibaya kiasi kwamba seva haielewi. 404 ni tofauti: ombi limeeleweka vizuri, ila kitu kinachoombwa hakijapatikana. Inaweza kuwa umekosea herufi, ukurasa umefutwa, au haujawekwa bado. 404 haisemi ni lipi kati ya hayo, wala haisemi kama hali hiyo ni ya leo tu au ya siku zote. Mwenye tovuti akitaka kusema waziwazi kwamba ukurasa ulikuwepo na umeondolewa, atumie 410.

401 na 403 huchanganywa na watahiniwa kila mwaka. Fikiria mlinzi getini. Ukifika bila kitambulisho atakuambia, "Wewe nani? Nioneshe kitambulisho." Hiyo ni 401: seva haijakutambua, na ukitoa jina na nenosiri sahihi huenda ukaingia. Sasa fikiria umekionesha, mlinzi amekutambua kuwa ni mwanafunzi, lakini unataka kuingia chumba cha kuhifadhia mitihani. Atakuambia, "Nakufahamu, ila huku huingii." Hiyo ni 403. Kuandika nenosiri lilelile mara kumi hakutasaidia. Jina la Kiingereza la 401 ni Unauthorized, linalofanya watu wadhani inahusu ruhusa. Jina hilo lilichaguliwa vibaya, na nyinyi mnalipia kwa alama.

429 inasema umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi. Ukiiona, acha kubofya kwa hasira na usubiri.

Familia ya 5: tatizo liko kwa seva

500 ni kukiri kwa jumla: kitu kimeharibika ndani, mara nyingi kwenye programu inayoandaa kurasa. 503 inasema seva haiwezi kuhudumia kwa sasa, ama imezidiwa ama iko kwenye matengenezo. Siku ambayo maelfu ya watu wanafungua tovuti moja kwa saa ileile, hii ndiyo namba ya kuitegemea. Seva inaweza kuongeza mstari wa Retry-After unaotaja urudi baada ya sekunde ngapi. 503 ni habari ya kutia moyo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa haisemi kwamba unachotafuta hakipo.

502 na 504 hutokea pale ambapo seva unayoongea nayo ni ya mlangoni tu, na nyuma yake kuna nyingine inayofanya kazi yenyewe. Seva ya mlangoni ikipata jibu bovu kutoka ndani, inakupa 502. Ikingoja hadi muda ukaisha bila jibu, inakupa 504.

Zingatia 504 unapolipa kitu. Tuseme unalipa ada kwenye tovuti. Ombi la kulipa hutumwa kwa neno POST, si GET. GET inaomba kuona tu, hivyo kuirudia hakuna madhara. POST inaagiza jambo lifanyike. Ukipata 504 baada ya POST, unajua tu kwamba seva ya mlangoni imechoka kungoja. Seva ya ndani huenda haikulipokea ombi, na huenda imeshakata pesa ila jibu halikuwahi kufika. Ukibofya "Lipa" tena unaweza kulipa mara mbili. Angalia kwanza ujumbe wa malipo kwenye simu au salio lako, ndipo uamue.

Pale ambapo hakuna msimbo

Kivinjari kikiandika kwamba hakuna intaneti, au kwamba seva haikupatikana, maneno hayo ni ya kivinjari chenyewe. Hakuna seva iliyojibu, kwa hiyo hakuna msimbo wa hali. Watahiniwa wengi huandika kwamba 404 hutokea "mtandao ukikatika". Ni kinyume chake: kuiona 404 ni ushahidi kwamba ombi lako lilifika na jibu likarudi.

Kuna pia seva zinazodanganya. Ukurasa unakuambia "Samahani, ukurasa haupo", lakini msimbo uliotumwa ni 200. Wewe unaelewa. Mtambo wa kutafuta kurasa hauelewi, unauhesabu ukurasa huo kuwa mzuri na kuwaletea watu wengine. Mtengenezaji wa tovuti anayefanya hivi ameturudisha mwaka 1991. Ukipata kompyuta, fungua kivinjari, bonyeza F12, ingia sehemu inayoonesha mawasiliano ya mtandao, kisha pakia ukurasa wowote upya. Utaona msimbo wa kila ombi, na utashangaa ukurasa mmoja unatuma maombi mangapi.

Maswali yenye majibu

1. Asha ameingia kwenye tovuti ya shule kwa akaunti yake ya mwanafunzi. Anafungua ukurasa wa kurekebisha alama na kupata msimbo 403. Anaamua kubadilisha nenosiri na kujaribu tena. Je, atafanikiwa? (alama 3)

Jibu: Hatafanikiwa. Tarakimu ya kwanza ni 4, kwa hiyo seva imelikataa ombi (alama 1). 403 inaonesha kwamba ombi limeeleweka lakini akaunti yake haina ruhusa ya ukurasa huo (alama 1). Kubadilisha nenosiri hakubadilishi ruhusa (alama 1).

2. Tovuti imehamishiwa anwani mpya kwa muda wa wiki moja ya matengenezo. Fundi ametumia 301. Eleza kosa lake. (alama 2)

Jibu: 301 ni ya kuhama moja kwa moja, hivyo vivinjari vinaweza kuikumbuka na kuendelea kwenda anwani ya muda hata baada ya wiki kuisha (alama 1). Alipaswa kutumia 302 (alama 1).

Jaribu mwenyewe

3. Kivinjari kimepokea msimbo 599, ambao hakiujui. Kitauchukulia kama upi, na kwa nini?

4. Juma amejaza fomu ya kununua tiketi ya basi, akabofya "Nunua", akapata 504. Taja jambo la kwanza analopaswa kufanya na utoe sababu mbili.

5. Tofautisha 404 na 410 kwa kutumia mfano wa tangazo la kazi ambalo muda wake umekwisha.

6. Mhudumu wa intaneti kafe anamwambia mteja kwamba matokeo yake hayapo kwa sababu skrini inaonesha 404. Mwandikie mhudumu huyo mistari mitatu ya kumsahihisha, ukitaja mambo mawili ya kuangalia kabla mteja hajaondoka.