SOMO: Nyumba ya Luther Ilivyogeuzwa Kuwa Shule



Sharika nyingi zimerithi nyumba za zamani zilizojengwa na wamisionari. Watoto wanapoongezeka na madarasa yanapokuwa hayatoshi, wazo linalotolewa kwanza kikaoni huwa ni lile lile: nyumba ile ipo, tuifanye shule. Ni wazo jema, lakini lina masharti yake. Katika somo hili tunajifunza kutokana na nyumba ambayo kila Mlutheri ameisikia, ingawa wachache wanajua ilivyojengwa: nyumba ya Martin Luther mjini Wittenberg, Ujerumani.

Ilijengwa kwa ajili ya wengi

Ujenzi ulianza mwaka 1504, na haikukusudiwa kuwa nyumba ya familia. Ilikuwa monasteri ya watawa wa Mtakatifu Augustino, karibu na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1502. Ni jengo refu la ghorofa. Chini palikuwa na ukumbi wa kulia chakula wenye dari ya matao, na juu palikuwa na vyumba vidogo vya watawa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ramani yake ilikuwa ya watu wengi wanaolala, kula na kusoma pamoja.

Matengenezo yalipoanza watawa waliondoka. Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525 wakaishi humo, na mwaka 1532 mtawala wa Saksonia, Johann, aliwapa nyumba hiyo rasmi. Mama Katharina hakuiacha ikae tupu. Alipangisha vyumba kwa wanafunzi, akalima, akafuga na kutengeneza bia, na mapato hayo yakaitunza nyumba na wote waliokuwamo. Mwaka 1540 uliwekwa mlango wa mawe uliochongwa, wenye kiti cha mawe kila upande, sura ya Luther upande mmoja na alama yake ya waridi upande wa pili. Hadi leo mlango huo unaitwa kwa jina la Katharina.

Jinsi ilivyokuwa shule

Luther alifariki mwaka 1546, na Katharina mwaka 1552. Mwaka 1564 warithi waliiuzia chuo kikuu nyumba hiyo, kikaifanya makao ya wanafunzi waliosoma kwa msaada wa masomo. Tuangalie kwa makini jambo hili. Jengo lilipokea kazi iliyofanana na umbo lake: vyumba vidogo vya kulala na kusomea, pamoja na ukumbi mkubwa wa kukutania. Mahitaji mengine ya chuo yalitafutiwa jengo jipya lililojengwa upande wa mbele wa uwanja.

Tena, chumba cha mbao ambamo Luther alikuwa akizungumza na wageni mezani hakikuvunjwa ili kupata nafasi. Tsari Petro Mkuu wa Urusi alipofika mwaka 1712 aliandika jina lake kwa chaki juu ya mlango wa chumba hicho, na maandishi hayo yamehifadhiwa. Mwaka 1883 nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 1996 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kosa letu wenyewe

Sisi wa ofisi ya miradi hatukuijua hekima hii mapema. Katika usharika mmoja tulikubali kubomoa ukuta wa ndani wa nyumba ya misheni ili vyumba viwili viwe darasa moja. Hatukumwita fundi mwenye ujuzi kuupima. Ukuta ule ndio uliobeba mbao za paa. Baada ya mvua za masika paa lilianza kubonyea na nyufa zikatokea juu ya madirisha. Kwa neema ya Mungu hakuna mtoto aliyeumia, lakini fedha za madawati ziliishia kwenye nguzo na mbao. Tuliwaeleza wafadhili ukweli, ingawa haikuwa rahisi. Baadaye wazee wa usharika walishauri nyumba ile iwe maktaba na ofisi ya walimu, na darasa lijengwe kando. Hivyo ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Tunalojifunza

Kwanza, umbo la nyumba litangulie kutuonyesha kazi inayoifaa. Nyumba ya vyumba vidogo inafaa kuwa bweni, maktaba, ofisi au makazi ya mwalimu kabla ya kufaa kuwa darasa. Pili, tukubaliane mapema ni sehemu gani haitaguswa, hasa kuta zinazobeba paa na kumbukumbu za waliotutangulia. Tatu, matunzo yawe na chanzo chake cha mapato, kama Mama Katharina alivyofanya. Mfadhili aweza kutoa bati leo, lakini hatakuwapo kila litakapovuja.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nyumba yetu ya zamani ilijengwa kwa kazi gani, nasi tunataka kuipa kazi gani?
2. Ni kuta zipi zinabeba paa, na nani mwenye ujuzi amezipima?
3. Ni kitu gani ndani yake watoto wetu wangepoteza tukikiondoa?
4. Nani atalipia ukarabati wa mwaka wa tano, na kwa fedha zipi?

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Tunawaomba kila kamati iketi na maswali haya kabla ya kuandika ombi la fedha, na majibu yaambatanishwe na ombi hilo. Yatatusaidia sisi, yatawasaidia wafadhili, na zaidi ya yote yatawalinda watoto watakaokaa chini ya paa hilo.