KULITAJA TATIZO: NAFASI YA LUGHA KATIKA KUFUNDISHA VIKUNDI VYA WANAFUNZI WA TAALUMA MBALIMBALI USANIFU WA UTATUZI WA MATATIZO YA JAMII

Ikisiri

Makala haya yanajadili ufundishaji wa vikundi vya wanafunzi wa taaluma mbalimbali wanaopewa tatizo la jamii na kutakiwa kulitafutia ufumbuzi kwa mbinu ya usanifu. Hoja kuu ni kwamba vikundi vingi hukwama katika hatua ya kulitaja tatizo, kabla hata ya kufikia ufumbuzi, na kwamba kulitaja tatizo ni tendo la lugha. Mfano unaotumika ni wa vyoo vya shimo vilivyojaa katika makazi yasiyopimwa ya Dar es Salaam. Mwishoni yanapendekezwa mazoezi matano yanayoweza kutumiwa darasani.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu kadhaa duniani limezuka somo ambalo halina kitivo chake. Wanafunzi wa uhandisi, udaktari, sheria, biashara na sanaa huwekwa pamoja katika vikundi vidogo, hupewa tatizo moja la jamii, na hutakiwa kwenda kwa wenye tatizo hilo, kuwasikiliza, kulieleza tatizo upya, kupendekeza njia nyingi za kulitatua, kutengeneza mfano wa majaribio, na kuurudisha mfano huo kwa wenyewe waupime. Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani ndicho kilichoipatia mbinu hii umaarufu mkubwa, na katika bara letu Chuo Kikuu cha Cape Town kinayo shule inayoifundisha.

Misingi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1969 Herbert Simon alieleza kuwa kusanifu ni kutafuta njia za kuibadili hali iliyopo iwe hali inayopendelewa zaidi. Kwa maana hiyo daktari na mwanasheria ni wasanifu sawasawa na mjenzi. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber walionyesha kwamba matatizo ya jamii si kama maswali ya hesabu. Hayana maelezo ya mwisho, hayana mahali pa kusema sasa kazi imekwisha, na majibu yake hayawi ya kweli au ya uongo bali huwa mazuri au mabaya. Sisi tutayaita matatizo kaidi, kwa kuwa, kama mtoto mkaidi, hayaendi kule yanakoelekezwa.

Ikumbukwe pia kwamba wazo la kumfanya mwananchi kuwa mtafiti mwenza si geni kwetu. Katika miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake waliuendeleza utafiti shirikishi nchini Tanzania, na mradi wa Jipemoyo ulioanza mwaka 1975 katika Wilaya ya Bagamoyo ulikuwa mmojawapo wa matunda yake. Kwa hiyo msomaji wa makala haya asidhani kwamba anaalikwa kupokea kitu cha kigeni kitupu.

2.0 Jina la tatizo hubeba ufumbuzi wake

Mfano unaotajwa sana katika somo hili ni wa wanafunzi wa Stanford ambao mwaka 2007 walipewa kazi ya kusanifu kiangulio cha watoto njiti kwa ajili ya Nepal. Kiangulio cha kawaida kiligharimu takriban dola 20,000. Wao walitakiwa wakitengeneze kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Mmoja wao alipofika Nepal alikuta hospitalini viangulio visivyokuwa na watoto ndani yake. Watoto wengi waliokuwa hatarini walizaliwa vijijini, majumbani, mbali na hospitali na mbali na umeme wa kutegemewa. Kikundi kikaacha kuuliza, “Kiangulio kipunguzwe bei vipi?” kikauliza, “Mtoto aliyezaliwa kijijini ataendeleaje kupata joto?” Matokeo yake yalikuwa kifuko mfano wa blanketi chenye nta maalumu ambayo, ikishapashwa moto, hutunza joto la nyuzi 37 za Selsiasi kwa saa kadhaa.

Mtu anaweza kulisoma tukio hili kama hadithi ya uhandisi. Mwanaisimu hana budi kuona kwamba kilichobadilika kwanza ni sentensi. Katika sentensi ya awali kiima kilikuwa kifaa, na kitenzi kilihusu bei. Katika sentensi ya pili kiima ni mtoto, na kitenzi kinahusu joto. Tatizo likishatajwa kwa nomino ya kifaa, ufumbuzi umekwisha kuchaguliwa kabla ya mtu yeyote kuulizwa.

3.0 Vitenzi vya somo na mitego yake

Anayetaka kulifundisha somo hili kwa Kiswahili hukabiliwa mara moja na uteuzi wa maneno. Tuangalie mawili.

Kwanza, tendo lenyewe tuliite nini? Vitenzi vitatu vinagombea nafasi hiyo: -buni, -unda na -sanifu. Kubuni hutazama akili ya mtu mmoja; ndiyo maana tunazo hadithi za kubuni. Kusanifu hutukumbusha michoro ya msanifu majengo, na pia Kiswahili sanifu, yaani jambo lililowekewa kanuni na kukubaliwa. Kuunda ni neno la pwani, la wajenzi wa majahazi, ambao kwa desturi huunda chombo bila mchoro wa karatasini: jicho hupima, mkono hurekebisha, mbao hutoa jibu. Wanafunzi wakiambiwa “buni,” hukimbilia jambo ambalo halijapata kuonekana. Wakiambiwa “unda,” huanza kushika vitu. Tunapendekeza usanifu libaki kuwa jina la mbinu nzima, na kuunda litumike kwa hatua ya kutengeneza mfano.

Pili, hatua ya kwanza ya mbinu hii, ile ya kujitia katika hali ya mwenye tatizo, mara nyingi hutafsiriwa kwa neno huruma. Tafsiri hiyo ina hatari. Katika matumizi yetu huruma hushuka kutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho. Mwenye huruma hutoa, naye mwenye kuhurumiwa hushukuru. Mwanafunzi aliyetumwa mtaani na neno hilo atarudi na orodha ya misaada. Wahenga wametuachia maelezo bora zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haimtaki mwanafunzi aone huruma. Inamtaka akiri kwamba hajui.

4.0 Mfano: choo kilichojaa

Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam huishi katika makazi yasiyopimwa na hutumia vyoo vya shimo. Shimo likijaa, magari ya kunyonya maji machafu hayawezi kupenya vichochoro vyote. Baadhi ya watu huwaita vyura, yaani vijana wanaoingia shimoni kwa koleo na ndoo. Wengine huchimba shimo jingine kando au hungoja mvua kubwa, kisha hufungulia uchafu utoke. Tendo hili la mwisho lina jina lake mitaani: kutapisha choo. Hatari yake haihitaji maelezo marefu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo mwezi Agosti 2015 ulienea hadi mikoa mingine mingi.

Wataalamu wamelishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1988 na 1992 mradi wa MAPET, ulioendeshwa na shirika la Kiholanzi la WASTE, ulitengeneza pampu ya mkono na tangi la lita 200 lililobebwa kwa mkokoteni, na wapakuaji wenyewe walishirikishwa katika kazi hiyo. Mashine zile zilifaa vichochoroni, lakini baadaye ziliacha kutumika, ugumu wa kupata vipuri ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kwa hiyo hata kifaa kilichoundwa kwa ushirikiano huhitaji kuulizwa: nani atakitunza, na kwa fedha ya nani?

Sasa tukipe kikundi cha wanafunzi watano tatizo hili. Mhandisi atalitaja kuwa ni ukosefu wa pampu. Mwanafunzi wa udaktari atasema ni maambukizi. Wa sheria ataona kosa dhidi ya sheria za afya, wa uchumi ataona bei ya gari, na wa sosholojia ataona umaskini. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna hata mmoja aliyelitaja tatizo kwa maneno ya mtu anayeishi nalo.

Neno kutapisha lingeweza kuwafundisha mengi. Ni kauli ya kutendesha itokanayo na -tapika. Ndani yake choo ni mwili: kinakula, kinashiba, kinatapika. Mtu akisema “choo kimetapika,” mtenda hayupo; akisema “wametapisha choo,” mtenda yupo, naye ni jirani. Kati ya sentensi hizo mbili pana ugomvi mzima wa mtaa. Wanafunzi wanapoandika ripoti yao kwa Kiingereza, neno hili hugeuzwa kuwa istilahi ya utiririshaji haramu wa majitaka. Sheria hubaki, jirani, mvua na aibu hupotea.

Katika kikundi kimoja tulichopata kukisimamia, wanafunzi walikwenda kwenye nyumba ya kupanga wakiwa na maswali ishirini kuhusu pampu. Mama mmoja mpangaji aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia, “Wanangu, choo ni cha mwenye nyumba. Sisi tunajisaidia tu.” Wanafunzi walicheka, kwa kuwa walisikia tafsida. Ilikuwa ni baadaye, walipokuwa wakiyaandika maneno yale neno kwa neno, ndipo mmoja wao alipogundua kwamba mama yule alikuwa amesema mambo mawili kwa mara moja. Kujisaidia ni kwenda haja. Ni pia kujifanyia mwenyewe asichofanyiwa na mwingine. Tatizo alilolitaja lilikuwa ni kwamba hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenziwe nani atalipa siku choo kitakapojaa. Mwenye nyumba huwangojea wapangaji, wapangaji humngojea mwenye nyumba, na wote huingojea mvua.

Kikundi kiliandika swali jipya: wapangaji na mwenye nyumba watawezaje kupatana juu ya gharama kabla shimo halijajaa? Walichorudi nacho kilikuwa fimbo ya kupimia kina iliyotiwa alama na daftari la michango midogo ya kila mwezi. Hatudai kwamba walilimaliza tatizo. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mzito kukubali. Lakini safari hii walikuwa wanabishana juu ya tatizo lililokuwepo.

5.0 Mazoezi ya darasani

Kutokana na hayo tunapendekeza mazoezi yafuatayo.

(i) Zoezi la jina. Kabla ya kwenda mtaani, kila mwanafunzi aliandike tatizo kwa sentensi moja ya Kiswahili, bila istilahi ya taaluma yake. Sentensi zibandikwe ukutani, kisha viima na vitenzi vyake vilinganishwe. Tofauti za taaluma zitaonekana bila mahubiri.

(ii) Zoezi la kuuliza. Swali “Mna tatizo gani la choo?” humwalika mtu kuomba msaada. Swali “Mara ya mwisho choo kilipojaa ilikuwaje?” humwalika kusimulia. Wanafunzi wafanye mazoezi ya swali la pili. Wazingatie pia nani anaweza kumwuliza nani: kijana wa kiume anayemhoji mama wa makamo juu ya choo, bila salamu wala tafsida, hatapata jibu la kweli.

(iii) Zoezi la kunukuu. Mazungumzo yarekodiwe kwa idhini na yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kusahihishwa wala kutafsiriwa. Kikundi kiteue maneno matano ambayo hakikuyatarajia na kuyachambua. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili si karani wa kikundi. Ni mtaalamu wake.

(iv) Zoezi la kitenzi. Tatizo liandikwe upya kwa umbo hili: fulani anahitaji kufanya jambo fulani, kwa sababu fulani. Hitaji liwe kitenzi. Wakiandika “anahitaji gari” au “anahitaji pampu,” warudishiwe karatasi yao.

(v) Zoezi la kurudi. Mfano wa majaribio uundwe kwa vitu duni, kama maboksi, kamba na madumu, ili mtu asione haya kuukosoa. Wanafunzi wafundishwe kusikia kukataa kwa lugha ya adabu. “Nzuri,” “tutajaribu” na “inshallah” huweza kuwa kukubali, na huweza pia kuwa njia ya kumwaga mgeni kwa amani. Kipimo ni kitendo: je, wiki iliyofuata waliutumia?

Katika kutoa alama, tunashauri sehemu kubwa itolewe kwa mabadiliko kati ya sentensi ya zoezi la kwanza na ile ya zoezi la nne. Kikundi ambacho sentensi yake haikubadilika hakikusikiliza, hata kama kifaa chake kinang’aa.

6.0 Hitimisho

Mbinu hii ina mipaka yake. Muhula mmoja hautoshi kwa tatizo kaidi, na mitaa iliyo karibu na vyuo imechoshwa na wanafunzi wanaokuja na madaftari na wasirudi tena. Mwalimu anayeanzisha somo hili ana wajibu wa kuhakikisha kwamba kikundi cha mwaka unaofuata kinaanzia pale kilipoishia cha mwaka uliotangulia, katika mtaa uleule na kwa majina yaleyale.

Hata hivyo, tumeonyesha kwamba kazi iliyo ngumu zaidi katika somo hili ni kulitaja tatizo, na kwamba katika miji yetu tatizo hutajwa kwa Kiswahili kabla halijatajwa kwa lugha nyingine yoyote. Ni ajabu basi kwamba vikundi hivi huundwa kwa wahandisi, madaktari na wachumi, huku idara za Kiswahili zikiitwa mwishoni, kazi ikishakwisha, ili zitafsiri kipeperushi. Wito wetu kwa walimu wa Kiswahili ni kwamba waiombe nafasi ya mwanzo, siku ile ukuta ungali mtupu na sentensi ya kwanza haijabandikwa.