Jua la Jioni la Dilala: Vidokezo kwa Anayeanza Kushika Brashi

1. Toka nje. Mchoraji Claude Monet alisimama na rangi zake penye stesheni, bandari na bustani, mahali watu wanapopita kila siku. Hapa Dilala, Kolwezi, hatukosi mahali pa namna hiyo.

2. Ngoja jua lishuke. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la barabara na moshi wa majani yanayochomwa porini hulainisha mwanga hadi jua linaweza kutazamwa. Una dakika chache tu. Paka haraka na usirudie kusafisha. Kesho mwanga ukibadilika, chukua kitambaa kingine cha kuchorea: Monet alichora kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara thelathini.

3. Kivuli usikipake nyeusi. Tazama chini ya mwembe, pale kivuli kinapoangukia udongo wetu mwekundu: mna zambarau, na pembeni mna buluu. Wachoraji kama Monet na Renoir waliipenda buluu ya kobalti, aliyoitengeneza Louis Jacques Thénard huko Ufaransa mwaka 1802. Haikutoka kwetu, Kolwezi ilikuwa haijajengwa. Leo kobalti inachimbwa hapa mtaani Kasulo hata chini ya sakafu za nyumba, ila jiwe lenyewe ni jeusi! Buluu haitokei mpaka madini hayo yachomwe kwa moto mkali pamoja na alumina. Rangi hiyo ni ghali, kwa hiyo buluu yoyote ya dukani itakufaa.

4. Huna kitambaa cha wachoraji? Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii, miaka ya 1970, juu ya magunia ya unga. Lifue gunia, livute kwenye fremu, lipake nyeupe kwanza.

5. Huna brashi? Bela Sara, wa karakana ya Pierre Romain-Desfossés katika mji ulioitwa Elisabethville, alichora kwa vidole.

6. Jumapili ndiyo siku yako. Akina mama wanatoka kanisani na vitenge vyao, chupa za bia ya Simba zinajipanga mezani. Nyuso ziache, doa la njano la kitenge linatosha kuonyesha mtu anayetembea. Omba ruhusa kwanza, na wengine watakudai soda.

7. Karibu na uzio wa mgodi, funga daftari. Mlinzi hataamini kwamba unachora mawingu.