Kadi Haijafika na Tiketi Imeshakatwa

Wadogo zangu, wiki hii ujumbe karibu wote ni wa jambo moja, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja, nipumzike na sauti za WhatsApp za saa nane usiku.

Msomaji mmoja yuko Columbus, Ohio. Ameingia Marekani juzijuzi kwa viza ya uhamiaji, kamfuata mumewe. Bibi yake mzaa mama amefariki Tanga. Mazishi hakuyawahi, maana kwetu maiti halali, lakini arobaini anaitaka. Grinikadi bado haijafika kwenye sanduku la posta. Mume anamwambia asithubutu kutoka, shemeji anamwambia aende tu, Mungu yupo. Ananiuliza, "Dada, nikitoka nitarudi?"

Utarudi, mdogo wangu. Ila wewe na mumeo mnamwogopa mtu asiye na shida na nyinyi.

Ukazi wako wa kudumu ulianza pale afisa wa uwanja wa ndege wa Marekani alipokugongea muhuri, siku ile ile uliyofika. Kadi inakuja baadaye kama ushahidi. Chukua pasipoti yako sasa hivi ufungue ukurasa wenye viza. Upande wa chini, juu ya zile alama zinazosomwa na mashine, kuna sentensi ya Kiingereza kwa herufi kubwa ambayo watu wengi hawajawahi kuisoma hadi mwisho. Inasema kwamba viza hiyo ikishagongwa muhuri inakuwa I-551 ya muda, yaani ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa mwaka mmoja. I-551 ndilo jina la kiofisi la grinikadi yenyewe. Mwaka huo unahesabiwa kuanzia tarehe ya muhuri wa kuingia. Ile tarehe ya viza kuisha, ambayo pengine imeshapita na ndiyo inayomkosesha mumeo usingizi, haihusiki tena.

Angalia pia muhuri wenyewe unasomeka. Kuna watu wamegongewa ukurasa mwingine kabisa, na kuna muhuri uliofifia hadi tarehe haionekani. Kama wako uko hivyo, usipande ndege nao. Idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, ina ofisi za kurekebisha makosa ya siku ya kuingia. Nenda huko kwanza, upo bado ndani.

Sasa twende kwa wa kuogopwa. Kutoka Marekani hakuna afisa wa uhamiaji atakayekuzuia mlangoni. Utaonyesha pasipoti kwenye kaunta ya ndege, basi. Kurudi, afisa wa Marekani anajua kusoma ule muhuri kwa sababu ni wao walioupiga, na taarifa zako anazo kwenye kompyuta. Aliye katikati ndiye mtihani: kijana wa kaunta Dar es Salaam, jengo la tatu la Julius Nyerere, usiku, foleni imefika nje, na mbele yake kuna pasipoti ya Tanzania yenye viza ya Marekani ambayo tarehe yake imepita. Shirika likimpeleka Marekani abiria asiye na karatasi halali linatozwa faini, na yeye anajua atakayeulizwa asubuhi ni nani. Anakuomba kadi. Huna. Anakwambia usimame pembeni.

Hapo ndipo safari za watu zinapoharibikia, na mara nyingi zinaharibika kwa kelele. Ukianza "unanijua mimi mkazi wa Marekani" umekwisha. Mwonyeshe kwa kidole ile sentensi, kisha muhuri, kisha tarehe. Akisita, mwombe kwa upole amwite msimamizi wake. CBP imewaandalia mashirika ya ndege mwongozo wa karatasi zinazokubalika, na ushahidi huu wa muda umo ndani yake. Pia wana watu wa kuwapigia simu wakiwa na shaka. Yote hayo yanataka muda, kwa hiyo fika uwanjani saa nne kabla, hata kama shangazi bado anakufungia dagaa na mchele wa Kyela. (Mchele wenyewe uache. Marekani upo, na wakikuta mdudu mle ndani utatupwa wote mbele ya macho yako.)

Kabla hujaondoka hakikisha umelipa ada ya kadi. Nawauliza wengi, nakuta hawajalipa, wanadhani malipo ya ubalozini yalimaliza kila kitu. Hii ni ada nyingine, inalipwa mtandaoni kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, na tangu Aprili 2024 ni dola 235. Bila kuilipa hadhi yako haipotei, ila kadi haichapwi, na mwaka wa muhuri unazidi kukatika huku ukilaumu posta.

Na posta yenyewe ina mambo yake. Wengi wetu tunafikia kwa ndugu, nyumba ya kupanga, na kisanduku cha barua kina jina la kaka tu. Mleta barua akiona jina asilolijua anaweza kuirudisha bahasha ilikotoka, na kadi imo humo. Bandika jina lako kwenye kisanduku. Ukihama, sheria inakupa siku 10 kuwaarifu USCIS anwani mpya, na hili si la hiari. Ukisafiri, mwachie ufunguo mtu mzima anayefungua barua zake, maana kuna nyumba nazijua bahasha zinalala juu ya friji hadi Ramadhani nyingine. Kadi ikifika ukiwa Tanga, akupigie picha pande zote mbili. Kukutumia yenyewe kwa DHL watu wanafanya, lakini kama muhuri wako bado una miezi, sioni sababu ya kuirusha baharini. Iache droo ikusubiri.

Mpaka hapa nimesema na waliokuja na viza ya uhamiaji: waliofuata mume, mke au mzazi, na wa bahati nasibu ya viza. Wale mliobadilishiwa hadhi mkiwa ndani ya Marekani, mliokuwa wanafunzi au mlioolewa huko huko, habari yenu ni nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nyinyi hamna ule ukurasa. Mna barua ya kukubaliwa, nzuri, ya kupigia picha na kuweka statasi, lakini kaunta ya Dar wala ya Nairobi haipandishi mtu ndege kwa barua hiyo. Msitoke nayo. Kile kibali cha kusafiria mlichopewa wakati maombi yanasubiri kilikuwa cha mwombaji, nanyi sasa si waombaji tena, msikitegemee.

Mnachotakiwa ni kuomba muhuri wa muda. Unapiga simu kituo cha huduma cha USCIS, unaeleza kwamba hadhi imekubaliwa, kadi haijafika na una safari ya dharura, nao wakiridhika wanakupangia siku kwenye ofisi yao ya karibu. Nenda na pasipoti isiyokaribia kuisha, barua ya kukubaliwa, tiketi, na ushahidi wa dharura: cheti cha kifo, barua ya hospitali, chochote chenye jina na tarehe. Wanagonga muhuri kwenye pasipoti, nao unakuwa kadi yako kwa muda ulioandikwa. Simu hiyo ina mashine inayojibu kabla ya binadamu na inataka subira ya kungoja daktari wa wilaya. Usikate. Harusi ya binamu si dharura machoni pao, hata kama wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya michango.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mlioingia kama wakimbizi, nawaomba mtulie zaidi. Wengi hamna pasipoti ya nyumbani, na mkiwa nayo, kuitumia kurudi nchi mliyoikimbia kunaweza kuibua maswali kuhusu ukimbizi wenyewe. Kuna hati ya kusafiria ya wakimbizi. Iombe mapema na uzungumze na mwanasheria wa shirika lililokupokea kabla ya kununua tiketi. Na mwenye pasipoti ya Kongo asichague tiketi ya kupitia Ulaya kwa sababu tu ni rahisi. Nchi za Schengen zinamdai viza hata ya kubadilisha ndege, na msamaha uliopo una masharti yake kuhusu karatasi za ukazi. Ukiwa na muhuri tu, pita Addis Ababa au Doha. Warundi walioingiwa hofu na vikwazo vya kuingia Marekani vya Juni 2025: amri ile haikuwagusa wakazi wa kudumu.

Ukipotelewa na pasipoti yenye muhuri ukiwa Tanga, usilie barazani. Toa taarifa polisi, shughulikia pasipoti mpya, kisha wasiliana na ubalozi wa Marekani kuhusu fomu I-131A. Ada yake ni dola 575, inalipwa mtandaoni kwanza. Wakikubali wanakubandikia kibali cha kupandia ndege kwenye pasipoti mpya. Ndiyo maana nasisitiza uwe na nakala ya ukurasa ule kwenye simu, kwenye barua pepe, na kwa mumeo.

Kuna swali jingine kutoka kwa kaka wa Unguja aliyeshinda bahati nasibu. Ameingia, amegongewa muhuri, na sasa anataka kurudi amalizie nyumba yake Fuoni, "miezi minane, tisa hivi". Kaka yangu, ukivuka miezi sita nje, ukirudi wanaweza kukuhoji kama mtu anayeomba kuingia upya, na hesabu ya miaka mitano ya kuomba uraia inatiliwa shaka. Ukivuka mwaka, kadi hata ikiwa mkononi haikurudishi tena. Ipo ruhusa ya kurejea inayoweza kukupa hadi miaka miwili, lakini inaombwa ukiwa ndani ya Marekani. Jaza fomu I-131, subiri uitwe ukachukuliwe alama za vidole, halafu ndiyo ukaezeke paa lako. Fundi anaweza kusubiri, na kama hawezi, mtumie picha za ramani na hela ya mabati.

Na wewe wa Columbus: muhuri wako ni mpya, ada ulishalipa, jina lako liko kwenye kisanduku. Kata tiketi ya kwenda na kurudi, wiki tatu zinatosha, na nisalimie Tanga.